Kabla ya Kuulaumu Umeme

Umeme unakatika usiku, unarudi alfajiri, na televisheni iliyokuwa nzima jana haiwaki. Watu wengi huhukumu papo hapo: umeme umerudi na nguvu, umeiunguza. Hukumu hiyo wakati mwingine ni ya haki. Lakini mara kwa mara kifaa kilichokufa kilianza kufa miaka mingi nyuma, na kukatika kwa umeme kumekifichua tu. Fundi anayeyapokea maelezo ya mteja kama ushahidi kabla ya kuitazama bodi anaweza kubadilisha vifaa vizima na kukiacha kile kibovu.

Pawa saplai ya kisasa hupokea 230 V kutoka ukutani, ikazipitisha kwenye fyuzi na dayodi nne, zikawa takriban 325 V za mkondo mnyoofu ndani ya kapasita kubwa. Transista huukatakata umeme huo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kuupeleka kwenye transfoma ndogo, inayoushusha hadi volti chache zinazohitajika. Transista huamrishwa na IC, na IC nayo inahitaji umeme wake. Ikishaanza kazi, hulishwa na transfoma ile ile. Kabla ya hapo haina tegemeo ila akiba iliyomo kwenye kapasita ndogo iliyo kando yake, ambayo mara nyingi haizidi unene wa penseli.

Chukua UC3842, IC iliyotumika sana kwenye saplai za aina hii. Huanza volti zikifika 16 hivi, na hujizima zikishuka hadi 10. Kapasita nzima huubeba mzigo kwa muda mfupi mno, mpaka transfoma ipokee zamu. Iliyokauka majimaji yake haifiki hapo: volti zinaporomoka, IC inazima, inajaribu tena, na mwenye nyumba anaona taa ndogo ikiwaka na kuzima huku saplai ikilia tik, tik, tik. Kumbe televisheni inayozimwa kwa rimoti tu haizimiki kabisa. Saplai inaendelea kufanya kazi na kukaa na joto kidogo, hivyo kapasita ile inaweza kudhoofika kwa miezi bila kutakiwa kuianzisha IC hata mara moja. Siku umeme unapokatika, inapoa, kisha inadaiwa nguvu ambayo haina tena. Ndiyo sababu fundi mzoefu huipasha joto kwa mashine ya kukaushia nywele. Saplai ikiwaka, ameshajua pa kutazama.

Mtu atasema umeme wenye nguvu kweli huunguza vitu. Ni kweli, ila huacha alama. Fyuzi ya kioo huwa nyeusi ndani, varista hupasuka, na mita huonyesha shoti kwenye dayodi au transista. Hapo kubadilisha fyuzi peke yake ni kuunguza nyingine. Kinachokula umeme kitafutwe kwanza, na majaribio yafanywe kwa balbu ya zamani ya wati 60 au 100 iliyofungwa mfululizo na waya wa umeme, ili shoti ikiwa bado ipo, balbu ing'ae na bodi isilipuke. Fyuzi ikiwa nzima na 325 V zipo kwenye kapasita kubwa, sehemu ya mbele iko hai, na kuusingizia umeme hakuna msingi.

Wengine hununua stabilaiza wakidhani wamemaliza tatizo. Inasaidia dhidi ya volti zinazoyumba, lakini haiirudishii uhai kapasita iliyokauka. Kazi yenyewe si ya kujaribiwa na asiye fundi, maana kapasita kubwa inaweza kubaki na chaji ya kuua hata plagi ikiwa imechomolewa. Chaji hiyo huondolewa kwa rizista, kisha kapasita hupimwa kwa mita. Kapasita ndogo mpya iwe na mikrofaradi zile zile, volti zisizopungua za awali, na iwe ya nyuzi 105, kwa sababu ya nyuzi 85 ikiwekwa karibu na chuma cha kupoozea itakauka mapema.