Je, Wajua? Tairi za nyuma za Porsche 911

Porsche 911 Carrera S ya kizazi cha 992 haivai tairi za saizi moja. Mbele ni 245/35 ZR20. Nyuma ni 305/30 ZR21. Za nyuma zimezidi kwa upana wa sentimita 6 kamili! Sababu moja: injini, pamoja na uzito wake, imekaa huko huko, nyuma kabisa ya ekseli ya nyuma.

305 ni upana kwa milimita. 30 ni kimo cha ubavu: asilimia 30 ya upana huo, kama sentimita 9 tu. 21 ni inchi za rimu.

Ukinunua tairi, Michelin au Pirelli? Kwanza tafuta ubavuni herufi N na tarakimu, mfano N0. Ndiyo alama ya tairi iliyoidhinishwa na Porsche wenyewe. Tairi ya jina na saizi ileile inaweza kuikosa, kwa hiyo isome kabla hujalipa.