Hali ya Mvumo katika Viini Vyenye Nyutroni Nyingi

Kiini cha atomu ni mkusanyiko wa protoni na nyutroni, na aulizwapo mtu kama kiini fulani kipo au hakipo, hutazamia jibu moja kati ya mawili. Katika viini vyenye nyutroni nyingi mno kuliko protoni, swali halijibiki hivyo. Baadhi yavyo huungana na kuvunjika karibu mara moja, hata si rahisi kusema vilikuwapo. Hali hiyo wataalamu wa fizikia waliipa jina lililotoka katika elimu ya sauti, na hapa yaitwa mvumo.

Neno mwangwi halifai. Mwangwi ni sauti irudiyo baada ya kugonga mlima au ukuta, na hapa hakuna kirudicho. Ngoma yafaa zaidi: ngozi yake ina sauti yake yenyewe, nayo ikichochewa kwa mwendo unaolingana na sauti hiyo huitikia kwa nguvu, kisha hunyamaza. Vivyo hivyo nyutroni kadhaa zikikutana kwa nishati fulani hasa, hukawia pamoja kidogo, kisha hutawanyika. Ngoma iliyowambwa vyema huvuma kwa muda na sauti yake hutambulikana. Iliyolegea hufa upesi, wala haijulikani barabara kama sauti yake ni ya juu au ya chini. Kadhalika kiini: kadiri maisha yake yawavyo mafupi, ndivyo nishati yake isivyo dhahiri, na katika mchoro wa vipimo huonekana kama kilima kipana badala ya kilele chembamba.

Mfano ulioleta ubishi mkubwa ni ule wa nyutroni nne tupu, pasipo protoni hata moja. Mwaka 2002 dalili zake zilitangazwa kutoka maabara ya GANIL, Caen, Ufaransa. Mwaka 2016 zikatangazwa nyingine kutoka RIKEN, Japani, kwa matukio 4 tu. Jaribio lililotangazwa mwaka 2022, pia la RIKEN, lilikuwa na nguvu zaidi. Viini vya heli-8, vyenye protoni 2 na nyutroni 6, vilirushwa kwenye haidrojeni kimiminika. Protoni ya haidrojeni ikipiga sehemu ya ndani, yenye protoni 2 na nyutroni 2, huing'oa, na nyutroni nne za pembeni huachwa kama watu walioondolewa mkeka waliokalia. Nyutroni hizo hazikunaswa. Vilipimwa vile vipande viwili vingine, na nishati iliyopungua katika hesabu ikawa ndiyo yao. Kilima kikatokea penye elektronivolti milioni 2.37, upana wake milioni 1.75. Upana huo wamaanisha maisha ya sekunde ambayo, ikiandikwa kwa desimali, ina sufuri 21 baada ya nukta kabla ya kufika tarakimu ya kwanza.

Je, kilima ni mvumo? Mwaka 2023 Lazauskas, Hiyama na Carbonell walionyesha kwa hesabu kwamba chaweza kutokea bila mvumo wowote: yatosha kwamba nyutroni hizo zilikuwa zimetandaa pembeni mwa heli-8, na kwamba huvutana kidogo zikiachana. Hoja hiyo si ndogo, kwani mvuto baina ya nyutroni ndio utumiwao pia kukadiria mambo ya nyota za nyutroni. Kwa hiyo "kilima" ni jina la kilichoonekana, na "mvumo" ni jina la maelezo yake. Anayeyachanganya amekwisha kuamua shauri. Njia iliyo wazi zaidi ya kulipima ni kuzinasa nyutroni zote nne zenyewe na kutazama zilivyoachana, kazi ngumu kwa kuwa nyutroni haina chaji na hupenya vyombo vingi pasipo kuacha alama.