Mbao mbili za kufuata nyota



Wengi kati yetu wanafikiri kwamba kupiga foto ya nyota ni kazi ya watu wenye telesikopi kubwa. Sisi pia tulifikiri hivyo. Siku moja tuliazima kamera, tukaiweka juu ya meza nyuma ya nyumba, tukaacha jicho lake wazi dakika tatu. Kuangalia foto: kila nyota imekuwa kamstari! Tukasema kamera imeharibika. Kumbe ilikuwa nzima. Ni dunia iliyozunguka.

Dunia inazunguka digri 15 kila saa. Kwa lensi ya milimetri 50, nyuma ya sekunde 10 hivi nyota zinaanza kuvutika. Kwa hiyo kitu cha kwanza katika parseli si telesikopi, ni chombo cha kuifanya kamera ifuate nyota. Wenye pesa wananunua chombo cha moteri. Lakini katika mwaka 1975 bwana G. Y. Haig alionyesha, katika gazeti Sky & Telescope la Marekani, namna ya kukitengeneza kwa mbao tu.

1. Twaa mbao mbili za santimetri 30 hivi, uziunge kwa bawaba upande mmoja, sawa kitabu. Kamera inafungwa vizuri juu ya ubao wa juu.

2. Pima santimetri 22,9 toka msumari wa bawaba. Hapo toboa ubao wa chini, utie ekru na buloni ya milimetri 6, ile inayosogea milimetri 1 kila mzunguko. Buloni itasukuma ubao wa juu.

3. Huko Ulaya wanainua bawaba kuelekea Nyota ya Kaskazini. Huku kwetu karibu na ikweta nyota ile iko chini kabisa, vilima vinaificha. Basi laza bawaba sawasawa na udongo, ielekee kaskazini na kusini kwa dira. Bawaba ikae magharibi, buloni mashariki.

4. Shika saa. Zungusha buloni robo moja kila sekunde 15, polepole, bila kutikisa.

Kwa nini 22,9? Kwa sababu nyota zinamaliza mzunguko wao kwa saa 23 na dakika 56, na kwa kipimo hicho milimetri 1 kwa dakika ndiyo mwendo wao. Sisi tulipima toka ukingo wa ubao, si toka msumari, tukapoteza usiku mzima. Vimistari vilirudi!

Tena zimeni taa zote. Funikeni toshi kwa kitambaa chekundu, mngoje nusu saa macho yazoee giza.

Kila siku tunalia juu ya kukosa umeme, na ni haki. Lakini kuko watu wa miji mikubwa wenye vyombo vya bei kali wasioona hata Njia ya Maziwa. Sisi tunaona Msalaba wa Kusini, tunaona na Dubu Mkubwa wa kaskazini. Giza letu pia ni mali. Mbao ziko, tujaribu.