Simbu: Sekunde Mbili za London, Dhahabu ya Tokyo

Alphonce Felix Simbu alizaliwa Februari 14, 1992 Ikungi, mkoani Singida, lakini ni Arusha alikojifua hadi kuwa bingwa wa mbio ndefu. Ukanda huu wa Mlima Meru unawafaa wakimbiaji: Uwanja wa Ndege wa Arusha, pale Kisongo, uko takriban mita 1,387 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mtu anavyopanda mlimani ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi. Mwili ukizoea oksijeni kidogo huongeza chembe nyekundu za damu, na mkimbiaji akishuka mabondeni pumzi humtosha.

Simbu, askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), alijulikana mwaka 2016 alipomaliza wa 5 katika marathoni ya Olimpiki ya Rio kwa saa 2:11:15. Januari 2017 akashinda marathoni ya Mumbai. Agosti mwaka huohuo, kwenye mashindano ya dunia London, alitwaa shaba kwa 2:09:51, sekunde 2 tu nyuma ya Tamirat Tola wa Ethiopia aliyechukua fedha.

Kisha ikaja miaka migumu. Olimpiki ya Tokyo, ambayo marathoni yake ilikimbiwa Sapporo mwaka 2021, alikuwa wa 7. Paris 2024 akawa wa 17. Wengi wangetundika viatu. Yeye, Aprili 2025, alishika nafasi ya 2 katika marathoni ya Boston kwa 2:05:04.

Septemba 15, 2025, kwenye mashindano ya dunia Tokyo, yeye na Mjerumani Amanal Petros waliingia uwanjani wakifukuzana. Petros alikuwa mbele hadi hatua za mwisho kabisa. Simbu alimfikia mstarini. Petros akajirusha, akaanguka. Wote waliandikiwa 2:09:48, na ikabidi picha ya kamera iamue. Simbu mwenyewe hakujua ameshinda mpaka alipoona jina lake juu kwenye skrini ya uwanja. Tofauti ilikuwa sekunde 0.03.

Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Kabla yake, Christopher Isegwe alipata fedha ya marathoni Helsinki mwaka 2005. Anachokosa Simbu ni medali ya Olimpiki. Tanzania nzima inazo mbili tu, zote fedha za Moscow 1980: ya Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000.