Kitabu Kipite Mkono kwa Mkono

Mpenzi wa vitabu hajulikani kwa wingi wa vitabu vilivyopangwa rafuni mwake, bali kwa namna anavyosoma na kwa idadi ya mikono ambayo vitabu vyake vimepitia. Jambo hilo linaonekana vyema katika mji wa Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika.

Mwaka 2010, Roland Rugero na Ketty Nivyabandi walikuwa miongoni mwa walioanzisha baraza ya wasomaji mjini humo iitwayo Samandari. Jioni za Alhamisi mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakasikiliza, kisha wakamkosoa. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kule kubishana bila ya kugombana kulikuwa somo tosha.

Rugero mwenyewe alitoa riwaya mwaka 2012, iitwayo Baho!, maana yake kwa Kirundi ni "Ishi!" Kijana bubu anamwuliza msichana kwa ishara mahali pa kujisaidia. Msichana anaogopa na kupiga kelele. Umati unamkamata kijana kwa shutuma ya kutaka kumnajisi, naye hana sauti ya kujitetea. Askari polisi aliyepata kusimama baina ya mshukiwa na watu wenye hasira ataitambua hali hiyo mara moja.

Kabla yake alikuwako Padre Michel Kayoya, aliyezaliwa mwaka 1934. Yeye aliandika juu ya nyayo za baba yake, yaani utu na adabu alivyorithi nyumbani. Mwezi Mei 1972 aliuawa, kama walivyouawa wasomi wengine wengi. Mwaka uliofuata kitabu chake kilichapishwa Nairobi kwa Kiingereza. Mwenyewe alikuwa kaburini, maneno yake yakiendelea na safari.

Kitabu cha tatu ni Petit pays cha Gaël Faye, mzaliwa wa Bujumbura, kilichotoka mwaka 2016. Gabriel ni mtoto wa mji huo wakati wa vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993. Rafiki zake wa mtaani wanatamani silaha. Yeye anabisha hodi kwa jirani, mama mzee wa Kigiriki, ambaye anamwazima kitabu, kisha kingine. Akikirudisha, wanaketi bustanini na kuzungumza juu ya aliyoyasoma.

Hata hivyo mwandishi hadanganyi. Vitabu havikumkinga Gabriel. Siku ilifika naye akashurutishwa kushiriki katika kitendo cha kuua. Lakini kwa kuwa alikuwa amejifunza kuishi ndani ya nafsi za watu wengine, hakuweza kujidanganya juu ya alilolitenda. Kwa mtu anayekabidhiwa bunduki, huo si ujuzi mdogo.

Vitabu hivi vyote vitatu viliandikwa kwa Kifaransa. Hilo lisiwe kizuizi. Katika mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya sokoni, asiyejua Kifaransa anaweza kusimuliwa na mwenye kukijua. Ndivyo pia inavyowezekana katika nyumba yoyote ya kambini.

Jamaa ya askari huhamahama, wala haiwezi kubeba masanduku ya vitabu. Kitabu kimoja chatosha kikitumiwa vizuri. Kivikwe jalada la gazeti kuukuu, kiwekwe mbali na unyevu na mchwa. Baada ya chakula cha jioni, mmoja asome kurasa chache kwa sauti. Mtoto aulizwe nani amekosea katika hadithi, na yeye angefanya nini. Baba akiwa kazini mbali, mama na watoto waendelee, wamsimulie akirudi. Kikimalizika, jina la mwazimaji na tarehe viandikwe daftarini, kisha kitabu kiende kwa jirani.

Kikirudi kimechakaa, asilaumiwe mtu. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimetimiza kazi yake.