Kabla hujanunua rimoti ya yunivesal, angalia kama kifaa chako kina jicho

Mwenye kibanda umiza pale Mbamba Bay akipoteza rimoti ya kijiti cha kuonyeshea filamu za mtandaoni, wazo la kwanza ni kupanda kilomita 66 hadi Mbinga mjini akanunue rimoti ya yunivesal. Kabla hajatoa nauli, ajiulize: kijiti chake kinasikia lugha gani?

Rimoti nyingi za TV huongea kwa mwanga wa infraredi. Urefu wa wimbi lake ni kama nanomita 940, na macho yetu yanaishia kwenye 700 na kitu, ndiyo maana hatuuoni. Kataa ka mbele huwaka na kuzima karibu mara 38,000 kwa sekunde, ili TV isiuchanganye na mwanga wa jua. Mimweko hiyo hupangwa kwa vipindi vifupi na virefu, na kila kampuni ina mpangilio wake. Rimoti ya yunivesal inajua mipangilio mingi, kama Mmatengo anayejua na Kinyasa: akishuka ziwani bado anaelewana na watu. Ukiingiza namba ya kodi, unaichagulia lugha.

Sasa tatizo liko hapa. Roku Express ina jicho la infraredi, kwa hiyo kodi sahihi inatosha. Fire TV Stick haina. Yenyewe hupokea Bluetooth, yaani mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4. Hata ukimaliza kodi zote za kwenye karatasi, haitakusikia. Dalili ni rahisi: kama rimoti ya zamani ilifanya kazi huku kijiti kimejificha nyuma ya TV, basi huenda haikuwa infraredi, kwa sababu mwanga huo unahitaji njia iliyo wazi.

Ila usikate tamaa, kuna mlango wa nyuma. Seti rimoti ya yunivesal kwa TV yenyewe, kisha washa HDMI-CEC kwenye mipangilio ya TV (Samsung wanaiita Anynet+, LG Simplink). TV itapokea mwanga na kupitisha amri za mishale na OK kwa kijiti kupitia tundu la HDMI.

Ukiwa dukani, elekeza rimoti kwenye kamera ya selfi ya simu na ubonyeze kitufe. Ukiona nuru ya zambarau, inatoa mwanga. Usipoona kitu, jaribu betri nyingine kwanza, ndipo utoe hela.