Ng'onda Waliopotea Ndani ya Tarakilishi

Wenzangu wa Kidato cha Tatu tunaosoma somo la Tarakilishi mnaijua ile siku ya kwanza ya kuandika programu. Umechora dirisha lako katika Visual Basic, umeweka visanduku viwili vya kuandikia na kitufe kimoja cha kujumlisha. Unaandika 5 hapa, unaandika 3 pale, unabonyeza kitufe na kungoja 8. Tarakilishi inakujibu 53! Darasa zima linaangua kicheko, na hakosi mmoja wa kusema mashine ina mashetani.

Haina mashetani. Kinachoandikwa ndani ya kisanduku ni maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu. Na alama ya kujumlisha ikikutana na maandishi mawili, huyaunganisha tu, kama sisi tunavyochukua "mwana" na "nchi" tukapata "mwananchi". Ni lazima kwanza uiamuru igeuze maandishi yawe nambari, ndipo ijumlishe. Tarakilishi imefanya ulichoiambia. Haikufanya ulichokusudia, kwa kuwa hukuisemea.

Wahariri wetu wamenitaka nieleze hitilafu kama hizi na namna ya kuzitafuta. Sitaandika orodha ya kanuni, maana vitabu vya kanuni viko maktabani. Nitaeleza programu moja inayotumika huku kwetu Liwatoni. Ni programu ya kukaa ndani ya tarakilishi yenyewe, inayofungua dirisha lake bila ya kuhitaji intaneti, na ilikaribia kumfukuzisha mtu kazi.

Kwanza maneno machache ya darasani. Hitilafu za programu tunazigawa mafungu matatu. Kuna kosa la sarufi, ambapo umeandika agizo vibaya na programu inakataa hata kuanza. Kuna kosa la wakati wa kuendesha, ambapo programu inaanza vizuri kisha inasimama njiani na kutoa ujumbe. La tatu ni kosa la mantiki, ambapo kila kitu kinakwenda vizuri na jibu ni la uongo. Sisi wanafunzi huogopa yale mawili ya kwanza kwa sababu yana kelele. Kwa maoni yangu hayo ni marafiki. La kuogopwa ni lile lililonyamaza.

Waingereza na Wamarekani huziita hitilafu hizi wadudu. Tarehe 9 Septemba 1947, waliokuwa wakiitumia mashine ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimkuta nondo amenasa ndani yake. Walimbandika katika daftari la kazi na kuandika kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza kuonekana mdudu wa kweli. Maana yake ni kuwa jina lenyewe lilikuwa likitumika kabla ya hapo, na walikuwa wakifanya mzaha. Kisa hiki husimuliwa sana pamoja na jina la Grace Hopper, aliyekuwa miongoni mwa watayarishaji programu wa mashine hiyo.

Sasa turudi Liwatoni. Kuna mama mmoja jirani yetu anayenunua samaki kwa jumla na kuwauza: changu, tafi, nguru, kolekole, papa mkavu na ng'onda. Fundi mmoja alimtengenezea programu kwa Visual Basic 6. Lugha hiyo ilitolewa mwaka 1998 na kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia mwaka 2008, lakini programu zilizoandikwa kwayo bado zinaendeshwa, hasa kwenye tarakilishi kuukuu. Ya mama huyu huweka hesabu zake katika faili la Access.

Dada anayemuuzia ndiye anayeshika funguo za ghala. Siku moja mama alifungua programu, akaona imeandikwa kuwa ghalani muna kilo 64 za ng'onda. Akaenda kupima. Kilo 9. Malipo mengi huingia kwa simu, yakachanganyika na ya duka lake jingine, kwa hivyo hakukuwa na droo ya kuhesabu. Mama akamnyang'anya dada funguo na kumwambia asirudi mpaka aseme ng'onda wamekwenda wapi. Dada akawa analia tu. Wengine mtaani wakaanza kusema ati walijua zamani.

Mimi na mwenzangu wa darasa tulikwenda, tukamwamkia mama, tukaomba tuitazame ile programu. "Tazameni wanangu," alisema, "lakini msinipotezee hesabu zangu." Maneno hayo ni ya busara kuliko alivyojua. Kwa hivyo jambo la kwanza lilikuwa kunakili faili lote mahali pengine na kufanya kazi kwenye nakala. Usiguse hesabu za mtu kabla ya kuzinakili, hata ukiwa na haraka namna gani.

Jambo la pili lilikuwa kulifanya kosa litokee mbele ya macho yetu. Tuliuza kilo moja moja ya kila aina ya samaki, mauzo ya uongo kwenye nakala. Kila tulipobonyeza kitufe, programu ilisema "Imehifadhiwa". Kisha tukafungua faili la Access lenyewe na kutazama mistari. Changu yumo. Tafi yumo. Nguru, kolekole, papa, wote wamo. Ng'onda hayumo. Tukarudia mara tatu, na mara tatu programu ikasema imehifadhi na haikuhifadhi chochote.

Kwa nini ng'onda peke yake? Hapa ndipo sisi wa Chama cha Kiswahili tunapohusika. Mwalimu alitufundisha kuwa ng' ni sauti moja, ile ya ng'ombe na ng'ambo, na kwamba tunaweka ritifaa ili isisomwe kama ng ya ngoma. Tarakilishi haijui habari za sauti. Inaona herufi n, herufi g na ile alama. Na katika lugha ya kuamuru faili la hesabu, alama hiyo ina kazi nyingine kabisa. Maandishi hufungiwa kati ya ritifaa mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga. Programu ilikuwa ikipeleka agizo lenye maneno haya:

VALUES ('ng'onda', 4)

Msome kama mashine. Ritifaa ya kwanza inafungua. Herufi n, herufi g. Ritifaa ya pili inafunga. Kwa hivyo jina la samaki ni "ng", halafu yanafuata maneno "onda" yasiyoeleweka. Agizo linakataliwa. Kununua hakukuwa na taabu hiyo, kwa sababu wakati wa kununua programu ilitumia nambari ya aina ya samaki wala haikutumia jina lake. Ndiyo maana ng'onda walikuwa wakiingia ghalani kila siku na hawatoki hata siku moja.

Lakini agizo likikataliwa si ujumbe ungetokea? Ungetokea. Fundi alikuwa ameacha kurasa za programu yake ndani ya ile tarakilishi, tukazifungua. Juu kabisa ya maagizo ya kitufe cha kuuza tulikuta mstari huu: On Error Resume Next. Maana yake kwa Kiswahili ni "pakitokea kosa, endelea na mstari unaofuata". Na mstari uliofuata ulikuwa ule wa kusema "Imehifadhiwa". Lo! Mashine iliona kosa, ikaamriwa inyamaze, kisha ikaamriwa iseme uongo.

Ninafahamu kwa nini watu huuweka mstari huo. Programu inayosimama na kutoa ujumbe mbele ya mteja inamtia fundi aibu. Una mahali pake, kwa mfano unapotaka kufuta faili ambalo huenda halipo. Mbele ya hesabu za watu hauna mahali.

Katika Visual Basic ukitanguliza ritifaa mwanzoni mwa mstari, mstari huo hugeuka maelezo tu na mashine huuruka. Basi tukaweka ritifaa mbele ya ule mstari wa kunyamazisha, tukauza tena kilo moja ya ng'onda. Papo hapo ukatokea ujumbe ulioanza kwa maneno "Syntax error" na ndani yake umelitaja jina la ng'onda. Tulifurahi kama tulioshinda mpira. Dawa ya haraka ni kuiamuru programu iandike ritifaa mbili mahali pa kila moja iliyomo ndani ya jina, kwani mbili zikifuatana huhesabiwa kuwa alama ya kawaida. Dawa bora ni kuacha nafasi wazi ndani ya agizo na kulipeleka jina peke yake kando, hapo hata likija na alama gani halidhuru. Fundi tulimpigia simu, akatupa ruhusa, tukafanya hiyo ya pili. Jueni kwamba Bwana Ng'ang'a akifungua akaunti katika programu iliyoandikwa ovyo namna hii, naye atapotea vilevile.

Mama alikaa na simu yake kutwa nzima akilinganisha ujumbe wa malipo na daftari la kuandikia kwa mkono alilokuwa nalo dada. Kilo zikapatikana zote isipokuwa mbili, na hizo alisema ni za paka. Jioni alimtuma mwanawe amwite dada, akamrudishia funguo mbele ya watu walewale waliosema walijua zamani.

Tulipokuwa tumekwisha fungua nakala tukaona na mengine. Hoteli moja ilionekana inadaiwa shilingi 12. Kumbe dada alikuwa ameandika 12,500 na koma yake, kama tunavyoandika sote. Fundi alitumia agizo la Val kugeuza maandishi kuwa nambari. Val husoma tarakimu mpaka ikutane na kitu isichokijua kisha huacha. Koma haiijui. Siku dada alizoandika 12500 bila koma deni lilikuwa sawa, ndiyo sababu hakuna aliyeshuku. Agizo la CCur huifahamu koma, na ndilo la kutumia kwa fedha.

Hitilafu nyingine ilikuwa ya kelele, kwa hivyo haikumdhuru mtu. Siku ya mauzo makubwa ripoti ilisimama na kusema "Overflow", yaani kumefurika. Jumla ilikuwa imewekwa katika chombo cha nambari kiitwacho Integer. Katika Visual Basic 6 chombo hicho kina biti 16 tu, na nambari kubwa kinayoweza kubeba ni 32,767. Mauzo yakifika shilingi 32,768, kinamwagika. Badilisha kiwe Long, au Currency ikiwa ni fedha. Msicheke mkidhani ni kosa la watoto. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kutoka Kourou, huko Guiana ya Ufaransa, na sekunde kama arubaini baadaye ikalipuka angani. Nambari ya mwendo wake ilikuwa imetiwa kwa nguvu ndani ya chombo cha biti 16 na haikuenea.

Zile za programu kukataa kufunguka kwenye tarakilishi nyingine nitazipita haraka. Mara nyingi ni faili lililotajwa kwa njia ya tarakilishi ya fundi, au kipande kilichoachwa wakati wa kunakili. Soma jina lililotajwa katika ujumbe, ulitafute.

Tarehe ni janja zaidi. Sisi tunaandika siku, mwezi, mwaka. Access, ikipewa tarehe ndani ya agizo kati ya alama mbili za #, huisoma Kimarekani, mwezi kwanza. Ukiandika 04/03/2025 ukikusudia Machi, inaweka tarehe 3 Aprili. Ukiandika 13/03/2025 inaona hakuna mwezi wa kumi na tatu, basi inaisoma kama wewe. Kwa hivyo siku kumi na mbili za kwanza za mwezi huvurugika na zinazobaki huwa sawa, na hakuna kinachosumbua kutafuta kama kosa linalokuja na kuondoka. Tumezoea sasa kutanguliza mwaka, 2025-03-04, hapo hakuna ubishi.

Kilichobaki ni saa. Programu huuliza mashua imefika saa ngapi na samaki wameuzwa saa ngapi, ili mama ajue wamekaa muda gani. Mashua ikifika saa kumi na moja alfajiri dada huandika 11. Samaki wakiuzwa saa mbili asubuhi huandika 2. Programu inatoa, na inapata kwamba samaki waliuzwa saa tisa kabla ya kuvuliwa! Kanuni tuliyoiweka ni hii: kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza 6. Kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ongeza 18, na ikifika 24 au zaidi ondoa 24. Tumeweka vitufe viwili, Mchana na Usiku, na hesabu inatoka barabara. Ila mashua nyingi hufika saa kumi na mbili asubuhi, ambayo kwa kanuni yetu iko upande wa Usiku, na mama hataki kabisa kubonyeza Usiku na jua linachomoza. Mwenzangu anaongeza kitufe cha tatu.